Keti Utazame Nao

Katika nyumba nyingi za kwetu, kuanzia Mbagala mpaka Kayole, jioni ina utaratibu wake. Watoto wakishaoga wanawekewa katuni, rimoti inapandishwa juu ya kabati, na wakubwa wanatawanyika: mmoja jikoni, mmoja barazani, mwingine palepale sebuleni lakini macho yako kwenye simu. Ikifika saa ya taarifa ya habari, katuni inazimwa hata kama imebakiza dakika kumi kwisha, na mtoto anayelalamika anaambiwa atamalizia kesho. Hakuna anayeona ubaya wowote. Tumekubaliana, bila hata kukaa kikao, kwamba kazi ya filamu ya watoto ni kuwatuliza watoto ili wakubwa wapumue, na kwamba mtu mzima anayeitazama kwa hiari yake mpaka mwisho bado hajakomaa.

Makubaliano hayo ni mabaya. Yanawapunja watoto, na hilo wengi watalikubali haraka. Lakini yanatupunja zaidi sisi wakubwa, na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Filamu ya watoto iliyotengenezwa vizuri ni filamu nzuri, basi. Mtu mzima hahitaji kisingizio cha kuitazama. Na ile ambayo mtu mzima mwenye subira ya kawaida hawezi kuistahimili hata dakika 20, mara nyingi ni filamu iliyowadharau watoto tangu ilipokuwa kwenye karatasi.

Msomaji asidhani dharau hii ni ya kwetu peke yetu. Machi 2022, kwenye hafla ya tuzo za Oscar mjini Los Angeles, waliopanda jukwaani kutangaza filamu bora ya katuni waliieleza sanaa hiyo kuwa ni kitu ambacho watoto hukitazama tena na tena huku wazazi wakivumilia. Hayo yalisemwa mbele ya watu waliotumia miaka kadhaa kuchora kazi zao. Mojawapo ya filamu tano zilizokuwa zikiwania tuzo hiyo usiku ule ilikuwa Flee, ya Denmark, inayosimulia maisha ya mwanamume aliyeikimbia Afghanistan akiwa mdogo, akapitia Moscow na mikononi mwa wasafirishaji haramu wa watu, mpaka akafika Denmark. Ilichorwa ili mwenyewe asitambulike. Kuiweka kazi ya namna hiyo kwenye kapu la vitu ambavyo wazazi wanalazimika kuvivumilia ni kutojua unachokizungumzia. Phil Lord na Christopher Miller, waliotengeneza The Lego Movie, waliandika baadaye kuipinga kauli ile, na walikuwa na haki.

Tuzo yenyewe ya katuni ilianza kutolewa mwaka 2002. Kabla yake, Beauty and the Beast ya 1991 ilikuwa imependekezwa kuwania tuzo ya filamu bora ya mwaka, ikapambana na filamu za wakubwa uso kwa uso. Tangu katuni zitengewe chumba chao, ni Up na Toy Story 3 tu zilizowahi kutoka humo na kukaa meza kuu.

Watu wa Afrika Mashariki ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kuikubali imani hii kwamba hadithi ya watoto haimhusu mkubwa. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu, alikusanya hadithi Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870. Miongoni mwake imo ile ya Sultani Darai. Masikini mmoja anayechakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa, na paa yule anasema. Ni paa anayemtafutia bwana wake mke, binti wa sultani. Ni paa anayemuua nyoka mwenye vichwa saba na kumkabidhi bwana nyumba ya nyoka pamoja na mali yote. Kisha paa anaugua. Anamtuma bibi kizee akamwombee kwa bwana chochote cha kumtuliza, na bwana, aliyekwisha kulisahau jaa, anaamuru apikiwe uji wa mtama wa ovyo. Anayeona aibu ni mke. Paa anakufa kwa huzuni na maiti yake inatupwa kisimani. Mji mzima unamlilia. Mwisho wake bwana anajikuta tena jaani, anachakura.

Mtoto anaipenda hadithi hiyo kwa ajili ya paa na nyoka, na pia anaelewa vizuri sana kwamba yule bwana amefanya ubaya. Mtu mzima aliyewahi kubebwa na mwenzake, kisha akamsahau mambo yalipomnyookea, hawezi kuisikiliza akiwa ametulia. Ni hadithi moja na kikao kimoja, na msimulizi hakuanza kwa kuwafukuza wazee. Shaaban Robert aliandika kuhusu nchi inayoelea angani, akaandika kuhusu ndugu waliogeuzwa manyani, na mpaka leo vitabu hivyo husomwa na watu wenye mvi bila kuona haya. Ni lini basi tulianza kuamini kwamba mnyama akisema, mkubwa aondoke? Naamini tulianza pale hadithi ilipopata uwezo wa kuendelea bila mkubwa kuwepo. Bibi aliyekuwa akisimulia hakuweza kwenda zake jikoni na hadithi ikabaki inajisimulia; ilibidi aketi nayo mpaka mwisho, na yeye mwenyewe aisikie. Televisheni ilitupa nafasi ya kuondoka, nasi nafasi hiyo tukaigeuza kanuni, kisha kanuni tukaigeuza heshima ya utu uzima.

Tuitazame basi filamu yenyewe, tuache kubishana hewani. My Neighbor Totoro, iliyoongozwa na Hayao Miyazaki, ilitoka Japani Aprili 1988. Ukiisimulia kwa haraka ni filamu ya dubwana lenye manyoya linaloishi msituni, na ndivyo wasioitazama wanavyoijua. Lakini kinachotokea ni hiki: baba na binti zake wawili, Satsuki na Mei, wamehamia kijijini wawe karibu na hospitali aliyolazwa mama. Ugonjwa hautajwi. Satsuki ndiye mkubwa, na tunamwona asubuhi akipika, akifunga chakula cha mchana cha baba, cha mdogo wake na cha kwake. Anafanya yote kwa uchangamfu mwingi. Mtu mzima aliyelelewa na dada yake, au aliyekuwa yeye ndiye huyo dada, anajua uchangamfu ule unatoka wapi na unamgharimu nini mtoto.

Inakuja telegramu kutoka hospitali. Mama, aliyetarajiwa kurudi nyumbani kwa siku chache, hatakuja. Mei anagoma, analia, na Satsuki anamkemea kwa ukali ambao hatujauona kwake tangu mwanzo. Kisha, mbele ya bibi wa jirani, Satsuki anauliza itakuwaje mama akifa, na huyo aliyekuwa akiibeba nyumba nzima anaangua kilio mdomo wazi, kitoto kabisa, maana ni mtoto. Mei anamwona dada yake akilia. Hasemi kitu. Anachukua hindi moja la shambani, analikumbatia kifuani, anashika njia peke yake kwa miguu kumpelekea mama hospitali.

Miyazaki alikijua alichokuwa akikichora. Mama yake mwenyewe aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi yeye akiwa mtoto. Nimeitazama filamu hii na mtoto ambaye bado hajaanza shule, na nimeitazama na mama mmoja muuguzi mstaafu, na wote wawili walinyamaza mahali palepale: kandambili ya mtoto inapookotwa bwawani na kijiji kizima kinadhani Mei amezama. Sikuona filamu mbili pale. Mtoto alikuwa na hofu ya kupotea, muuguzi alikuwa na hofu ya kupoteza, na Miyazaki alizishika zote mbili kwa mchoro mmoja. Tena filamu hiyo ilitoka siku moja, kwa tiketi moja, na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, inayomfuata kaka na mdogo wake wa kike katika njaa ya vita vya mwaka 1945. Studio Ghibli, iliyozitengeneza zote mbili, haikuwa imewagawa watazamaji wake mafungu mawili.

Hapa lazima niachane na baadhi ya wanaodhani wako upande wangu. Wao husema filamu bora ya kifamilia ni ile iliyochomekewa utani wa wakubwa, unaopita juu ya vichwa vya watoto na kumfanya mzazi acheke peke yake. Shrek ya 2001 ndiyo iliyoueneza sana mtindo huo, na baada yake ukawa karibu sheria. Siukubali. Utani wa namna hiyo unamwambia mzazi: hadithi yenyewe haikuhusu, shika hiki usisinzie. Ni dharau ileile, safari hii inamjia na tabasamu. Tena unachuja haraka. Vijembe vingi vya Shrek kwa Hollywood ya miaka ile leo vinahitaji mtu wa kuvieleza, wakati lile jitu la kijani linalofukuza kila anayekaribia kinamasi chake, kwa sababu limechoka kuogopwa, linaeleweka bila mkalimani. Kilichoidumisha filamu ile ni kile ambacho mtoto na mzazi walikipata pamoja. Vilivyochomekwa vimebaki kama viraka.

Na hatuhitaji kwenda Japani au Marekani kutafuta ushahidi. Supa Modo, ya mwongozaji Mkenya Likarion Wainaina, ilioneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka 2018, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar. Ninapoitaja kwa watu wazima, wengi hunijibu kwa swali: si ni ya watoto? Ni ya mtoto, ndiyo. Jo ana miaka tisa, anapenda filamu za mapigano kupita kiasi, na anaumwa ugonjwa ambao hautapona. Mama yake anamtoa hospitali amlete nyumbani, siku zilizobaki aziishi kwao. Jo anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake, Mwix, anaamua kumpa ndoto hiyo, na ili aipate inabidi kijiji kizima kikubali kudanganya. Upo mchezo wa mpira ambapo Jo anaamuru wakati usimame, na wachezaji wanaganda walipo, miguu na mikono imebaki hewani, wakisubiri mtoto mgonjwa apite katikati yao.

Mtoto anayetazama anashangilia, na ana haki. Mtu mzima hana budi kukaa na mabishano ya mama na Mwix. Mama anataka Jo apumzike ndani, apewe dawa, alindwe. Mwix anaona kwamba kumlinda hivyo ni kumzika mapema. Nani mwenye haki? Mtu yeyote aliyewahi kuuguza nyumbani kwake mgonjwa wa kusubiri siku amelala na swali hilo. Amejiuliza kama amruhusu mgonjwa kula anachokitamani, kama amwambie ukweli, kama wageni waje wengi au wachache. Filamu za wakubwa zinazouzwa mitaani kwetu, zenye mapenzi, urithi na ushirikina, mara ngapi zimeligusa swali hilo kwa uzito kama huo? Wainaina alilifikia kupitia mtoto aliyefunga kitambaa mgongoni, na haikumlazimu kulipunguza makali.

Queen of Katwe ya Mira Nair, iliyotoka 2016, ina jambo la jamaa na hilo. Watu wanaikumbuka kama filamu ya binti wa Kampala, Phiona Mutesi, aliyejifunza mchezo wa sataranji katika mtaa wa Katwe akaja kushindana nje ya nchi. Mimi namkumbuka zaidi Lupita Nyong'o akiwa mama, Nakku Harriet, anayeogopa matumaini ya mwanawe kwa sababu anajua yakivunjika yeye ndiye atakayeokota vipande. Hofu hiyo ni ya mzazi, imewekwa katikati ya filamu ya Disney, na watoto wanaiona usoni mwa mama bila kuhitaji maelezo.

Kirikou na mchawi Karaba tusiwasahau. Michel Ocelot, Mfaransa aliyekulia Guinea, alitoa Kirikou et la sorcière mwaka 1998 akitumia ngano ya Afrika Magharibi. Kijiji kizima kinamwogopa Karaba, kinamlaani, kinakimbia. Kirikou, mtoto mdogo mno, ndiye pekee anayeuliza kwa nini Karaba ni mbaya, na anauliza tena na tena mpaka anawachosha wote. Jibu analipata kwa babu yake mlimani: wanaume walimchoma Karaba mwiba wa sumu mgongoni, na maumivu hayajakoma siku hata moja. Mtoto anasikia mwiba. Mwanamke mzima aliyeko chumba kilekile anasikia jambo jingine, na hakuna neno lililotumika ambalo mtoto hapaswi kulisikia. Huo ni ufundi mgumu, na wengi wanaoandika kwa ajili ya wakubwa peke yao hawauwezi.

Sisemi kila kilichopakwa rangi kali kina thamani. Zipo katuni ambazo ni kelele tupu, zimetengenezwa ili jicho la mtoto lisibanduke, bila hadithi, bila hata sekunde tatu za kimya, na mtandaoni zinafuatana zenyewe mpaka simu izimike chaji. Mzazi anayezikimbia ana haki ya kukimbia. Kosa lake ni kumwachia mtoto kitu alichokikimbia yeye. Chakula kikiuma ulimi wako humsogezei mtoto sahani hiyo ukaenda zako, na uchovu wa mkubwa mbele ya katuni mbovu ni kipimo cha kweli ambacho tumekitupa. Waanzilishi wa Sesame Street, mwaka 1969 kule Marekani, waliingiza kwa makusudi mambo ya kumvuta mzazi akae, kwa kuwa waliamini mtoto hujifunza zaidi akiwa na mkubwa wa kuzungumza naye. Mimi naongeza kwamba mkubwa akiwepo, uchafu unaonekana mapema.

Ipo hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi, ya wazazi wanaosema wamejaribu kutazama, wakakuta kifo, wakaona afadhali hata watoto wasitazame. Mama yake Bambi anauawa na wawindaji katika filamu ya 1942. Katika The Lion King ya 1994, Mufasa anakanyagwa na kundi la nyumbu, na Simba, baada ya kumsukuma na kumwita, anajipenyeza chini ya mkono wa baba yake aliyekufa na kulala pale. Ni kweli, ni nzito. Lakini fikiri ni nani aliye na uwezo wa kuubeba uzito huo na mtoto kama si mkubwa aliyeketi karibu? Anapoulizwa kwa nini baba haamki, swali halimhusu simba. Mara nyingi ni la babu aliyezikwa mwaka jana.

Na mkubwa naye ana lake. Wengi wetu tulilelewa katika nyumba ambazo msiba ukitokea, watoto hupelekwa kwa jirani. Tulirudi tukakuta kitanda kimetolewa, watu wanakunywa chai, na hakuna aliyetueleza. Tuliambiwa amesafiri. Tukakua, tukazika wengine, tukasimamia michango na majeneza na pilau, tukawa hodari wa shughuli zote za kifo isipokuwa kuhuzunika. Nimewaona wanaume ambao makaburini hawakudondosha chozi wakishindwa kujizuia mbele ya yule mtoto wa simba. Hawakudhalilika. Walikuwa wanapewa, kwa kuchelewa sana, kile walichonyimwa walipopelekwa kwa jirani. Anayewaambia waondoke sebuleni kwa sababu ni katuni hajui anawaondoa wapi.

Imebaki hoja ya muda, na sitaipuuza, maana anayerudi nyumbani baada ya saa mbili za kusimama kwenye daladala amechoka kweli. Supa Modo ni dakika 74. Totoro ni dakika 86. Mechi ya Simba na Yanga ni dakika 90 kabla ya kuhesabu mapumziko na muda wa majeruhi, na siku hiyo mtu huyohuyo aliyechoka anaketi mpaka filimbi ya mwisho, kisha anabaki kusikiliza uchambuzi. Uchovu haujawahi kutuzuia kutazama tunachokipa uzito.